Maswali ya Wasomaji: Je, Kampuni Inayonunua Kutoka Ardhi Iliyotekwa Inaweza Kubanwa?

Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya mwezi uliofuata, safu hii imepokea barua zinazouliza, kila moja kwa namna yake, kama kampuni inayofanya biashara na eneo linaloshikiliwa kwa nguvu ya silaha inaweza kuwajibishwa na mtu yeyote. Tumechagua tano. Baadhi tumezifupisha, na majina ya walioandika tumeyaacha kwa ajili ya usalama wao.

Ndugu mhariri, nina wadogo zangu wawili wanaochimba koltani Rubaya. Wanalipa kodi kwa wenye bunduki waliopo leo, kama walivyowalipa wengine waliokuwapo kabla yao. Tunaambiwa mawe hayo huishia kwenye simu za Ulaya na Marekani. Kampuni inayouza simu inaweza kusema haijui? Na kwa nini tunasikia kwamba karatasi zinaonyesha madini yametoka Rwanda? — Msomaji, Goma

Pole, ndugu yetu, na salamu zetu ziwafikie wadogo zako. Sehemu ya pili ya swali lako ndiyo inayoifungua ya kwanza, kwa hiyo tuanze na karatasi.

Rubaya, huko Masisi mashariki mwa Kongo, hutoa sehemu kubwa ya tantali inayotumika duniani. Makadirio yanayotajwa na Umoja wa Mataifa ni karibu asilimia 15. Tantali ni metali inayosafishwa kutoka kwenye koltani, na hutumika zaidi kutengenezea kapasita, vifaa vidogo mno vinavyotunza umeme ndani ya simu, kompyuta na magari ya kisasa. M23 waliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo, katika ripoti iliyotoka mwanzoni mwa Januari 2025, lilieleza kwamba waasi hao walisimika pale utawala wao wa madini, wakitoza uchimbaji na biashara kodi zilizowaingizia takriban dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba tani zisizopungua 150 za koltani zilivushwa kwa udanganyifu hadi Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Wataalamu hao waliandika kwamba mnyororo wa madini wa Maziwa Makuu haujawahi kuchafuliwa kwa kiwango hicho tangu kumbukumbu zianze kuwekwa. Serikali ya Rwanda imekanusha tuhuma za kupora madini ya Kongo.

Sasa litazame gunia lenyewe. Katika utaratibu uliojengwa tangu miaka ya 2010, gunia la koltani likitoka machimboni hupimwa uzito, hufungwa mdomo, na penye fundo huvishwa lebo ya plastiki yenye namba. Namba hiyo, pamoja na uzito, tarehe na jina la machimbo, huandikwa daftarini, na lebo nyingine hufungwa gunia linapofika kwa mnunuzi wa kati. Kuanzia hapo kila anayelipokea gunia husoma namba. Jiwe lenyewe halimwambii kitu. Ikiwa gunia limevuka mpaka usiku bila lebo na kuvishwa lebo asubuhi upande wa pili, namba itakayosomwa bandarini, kiwandani na katika ripoti ya mwaka ya kampuni ya simu itakuwa ya upande wa pili. Mfumo wa lebo ulio mkubwa kuliko mingine katika ukanda wetu unaitwa ITSCI. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilichapisha uchunguzi uliodai kwamba lebo za mfumo huo zilikuwa zikitumika kusafisha madini ya magendo na ya machimbo yenye watu wenye silaha, na wasimamizi wa ITSCI wakayakataa madai hayo. Hata msomaji asiyetaka kuingia katika mabishano hayo anaweza kuona kwamba lebo huthibitisha mahali ilipofungwa, na kwamba mahali jiwe lilikochimbwa ni lazima pathibitishwe kwa njia nyingine.

Turudi kwa kampuni ya simu. Inaweza kusema haijui, na kwa miaka mingi jibu hilo lilipokelewa. Lakini mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, ambazo zinaitaka kila kampuni ichunguze madhara yanayohusiana na shughuli zake, bidhaa zake na wale inaofanya nao biashara, hata kama si yenyewe iliyoyasababisha, na zinaonya kwamba hatari ya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu huongezeka penye vita. Mwongozo wa OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi zilizoendelea, kuhusu madini yatokayo katika maeneo ya migogoro unaingia ndani zaidi, kwa kuwa unataja dalili zinazopaswa kumshtua mnunuzi: madini yanayodaiwa kutoka nchi ambayo akiba yake inayojulikana hailingani na kiasi kinachouzwa, au madini yaliyopita katika nchi ambako magendo ya kutoka jirani yanajulikana. Mtu anayeyasoma maneno hayo akiwa Goma hahitaji kuelezwa yanahusu nini. Tena viwanda vinavyosafisha tantali duniani ni makumi machache tu, na kampuni nyingi kubwa zilizosajiliwa katika masoko ya hisa ya Marekani zimekuwa zikichapisha majina yake kila mwaka tangu 2014. Koltani ya wadogo zako inapita katika mlango mwembamba unaojulikana, na anayetaka kusimama mlangoni akauliza anaweza kufanya hivyo. Ndiyo maana mimi binafsi siwezi tena kulikubali jibu la kutojua kutoka kwa kampuni yenye mawakili, wakaguzi na fedha za kumtuma mtu popote duniani.

Kisheria mambo yanakwenda polepole. Desemba 2024 mawakili wa serikali ya Kongo walifungua malalamiko ya jinai mjini Paris na Brussels dhidi ya kampuni tanzu za Apple, wakidai kwamba madini ya uporaji yameingia katika mnyororo wake. Apple ilipinga vikali madai hayo na kusema imekwisha kuwaagiza wauzaji wake wasinunue bati, tantali, tungsteni wala dhahabu kutoka Kongo na Rwanda. Waendesha mashtaka wa Paris waliliweka faili kando Februari 2025. Huko Brussels aliteuliwa hakimu wa uchunguzi. Na kuhusu hao "wengine waliokuwapo kabla yao" uliowataja, Agosti 2025 Marekani iliwawekea vikwazo wanamgambo wa PARECO-FF, waliokuwa wakiitawala Rubaya kabla ya M23, pamoja na ushirika mmoja wa wachimbaji na kampuni mbili za Hong Kong zilizotuhumiwa kununua madini hayo. Kampuni hizo mbili hazikuwa na askari hata mmoja. Zilitajwa kwa sababu ya kununua.

Mheshimiwa mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameniuliza kama vita ndani ya nchi na nchi moja kuikalia ardhi ya nyingine ni kitu kimoja mbele ya sheria. Na kama ni tofauti, inaihusu vipi kampuni iliyonunua tu? — Mwalimu wa uraia, Morogoro

Ni mambo mawili, mwalimu, ingawa katika jambo moja kubwa yanakutana. Kanuni za The Hague za mwaka 1907 zinasema eneo linahesabiwa kuwa limekaliwa pale linapokuwa, kwa hali halisi, chini ya mamlaka ya jeshi la adui. Anayelikalia hawi mwenye mali. Hali yake ni kama ya mlezi wa mali ya yatima: anaweza kutumia mazao kwa kiasi na kwa sababu zinazokubalika, lakini shamba halimhusu kuliuza wala kulimaliza rutuba. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 ukaongeza kwamba uporaji ni marufuku, na kwamba mwenye kukalia haruhusiwi kuwahamishia raia wake katika ardhi hiyo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikuwa mkaliaji wa Ituri wakati wa vita ya Kongo, na kwamba iliwajibika kwa maafisa na askari wake waliopora maliasili na kwa kushindwa kuwazuia waporaji wengine katika eneo hilo. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyo ikaiamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 60 zilikuwa kwa ajili ya maliasili, ikiwemo dhahabu, almasi, koltani, mbao na hata kahawa. Malipo yaligawanywa katika awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka.

Ningependa wanafunzi wako waione pia sehemu ambayo hukumu hiyo haikuweza kuifikia, kwa sababu mahakama hiyo husikiliza mashauri ya mataifa peke yake. Dhahabu ya Ituri iliuzwa kwa watu wenye maduka, akaunti na anwani, na hao hawakuitwa. Mwaka 2002 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilikuwa limependekeza kampuni 29 ziwekewe vikwazo vya fedha, na kuorodhesha nyingine 85 zilizodaiwa kukiuka miongozo ya OECD. Mwaka mmoja baadaye mafaili mengi yalifungwa kwa maelezo kwamba masuala yake yametatuliwa. Kwa hiyo deni limemwangukia mlipa kodi wa Gulu na Mbale, ambaye hakuwahi kuiona hata chembe ya dhahabu hiyo, na faida imebaki kwa walionunua. Hili ni kosa la msingi katika namna dunia ilivyogawa wajibu, na sioni sababu ya kulitafutia jina laini.

Mfano wa pili unaonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Sahara Magharibi iliachwa na Hispania mwaka 1975 na 1976, na sehemu yake kubwa imekuwa chini ya Moroko tangu hapo. Fosfeti huchimbwa Bou Craa na kusafirishwa kwa mkanda wa chuma na mpira wenye urefu wa karibu kilomita 100 hadi bandari ya El Aaiún. Mwaka 2002 mshauri wa sheria wa Umoja wa Mataifa, Hans Corell, aliandika kwamba kuendelea kuchimba maliasili za huko bila kujali maslahi na matakwa ya wananchi wa Sahara Magharibi kungekuwa kukiuka sheria ya kimataifa. Maoni hayo yalikaa makabatini hadi tarehe 1 Mei 2017, meli NM Cherry Blossom ilipofika Port Elizabeth, Afrika Kusini, ikiwa na zaidi ya tani 50,000 za fosfeti zilizokuwa zikipelekwa New Zealand kutengenezewa mbolea. Wawakilishi wa Wasahrawi walikwenda mahakamani wakisema shehena ile ni mali yao, na meli ikazuiwa. Kampuni ya fosfeti ya Moroko ilijitoa katika shauri kwa kusema mahakama hiyo haina mamlaka, na Februari 2018 mahakama ikatamka kwamba wenye shehena ni Wasahrawi. Ilipotangazwa kwa mnada, hakuna mnunuzi aliyejitokeza, na meli ilikaa pale nangani karibu mwaka mzima. Hebu fikirieni hesabu za mwenye meli katika kipindi hicho chote! Hakuna azimio la Umoja wa Mataifa lililowahi kuwafikisha wenye meli na wenye bima mahali pa kuuliza, kabla ya kupakia, mzigo ni wa nani.

Hapa Tanzania tuna sababu ya kulifuatilia jambo hili. Tarehe 22 Septemba 2022 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, katika shauri ambalo Tanzania yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizoshtakiwa, ilisema kwamba Moroko inaikalia ardhi ya Wasahrawi kinyume cha haki yao ya kujiamulia mambo yao, ingawa haikuzitia hatiani nchi hizo nane. Na tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kubatilishwa kwa makubaliano ya biashara na uvuvi kati ya Ulaya na Moroko kwa kadiri yalivyohusu eneo hilo, kwa sababu wananchi wake hawakuridhia, ikaongeza kwamba matikiti na nyanya zinazotoka huko ziandikwe zimetoka Sahara Magharibi.

Kuhusu Ukingo wa Magharibi wa Palestina nitasema kwa ufupi, kwa kuwa habari zake zinajulikana zaidi. Mwaka 2020 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa orodha ya kampuni 112 zenye shughuli zinazohusiana na makazi ya walowezi wa Kiisraeli, zikiwemo Airbnb na Booking.com zinazokodisha nyumba na vyumba. Orodha iliyotolewa Septemba 2025 ina majina 158. Orodha hiyo haitoi adhabu. Uzito wake uliongezeka tarehe 19 Julai 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa maoni kwamba ukaliaji huo ni kinyume cha sheria na kwamba mataifa yote yana wajibu wa kutosaidia kuuendeleza.

Nilisema kuna jambo ambamo vita ya ndani na ukaliaji hukutana. Jambo hilo ni uporaji, ambao ni kosa la kivita katika hali zote mbili. Kama Masisi kisheria ni ardhi inayokaliwa na Rwanda au ni eneo la waasi wa ndani, mahakama ndiyo itakayosema, na Mahakama ya Arusha ilikubali Juni 2025 kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Lakini mali iliyochukuliwa bila ridhaa ya mwenyewe kwa nguvu ya bunduki ni mali ya uporaji kabla na baada ya hukumu hiyo, na anayeinunua akijua hana pa kujificha nyuma ya mabishano ya mipaka.

Habari za kazi, mhariri. Nasoma sheria. Darasani tunafundishwa kanuni, miongozo na mikataba, lakini nataka kujua kama kuna mfanyabiashara au kampuni iliyowahi kuadhibiwa kweli kwa kufaidika na vita. — Mwanafunzi, Nairobi

Wapo, mwanafunzi, ila ni wachache kuliko inavyostahili. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakurugenzi kadhaa wa kampuni ya kemikali ya IG Farben walitiwa hatiani Nuremberg, mwaka 1948, na miongoni mwa makosa yao ulikuwamo uporaji wa viwanda katika nchi zilizokaliwa na Ujerumani. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Uholanzi ilimhukumu Guus Kouwenhoven, mfanyabiashara wa mbao nchini Liberia, kifungo cha miaka 19 kwa kuupatia utawala wa Charles Taylor silaha na kushiriki makosa ya kivita. Alikuwa Afrika Kusini wakati huo. Oktoba 2022 kampuni ya saruji ya Lafarge ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani, mjini New York, kwa kuwalipa Dola la Kiislamu na kundi la Nusra ili kiwanda chake cha kaskazini mwa Syria kiendelee kufanya kazi, na ikakubali kutoa dola milioni 778. Juni 2024 baraza la wazee wa mahakama huko Florida liliiamuru Chiquita, kampuni ya ndizi, ilipe dola milioni 38.3 kwa familia za watu waliouawa na wanamgambo wa Kolombia ambao kampuni hiyo ilikuwa ikiwalipa.

Ukiyatazama mashauri hayo utagundua kwamba yote yaliamuliwa mbali na mahali pa maafa, na baadhi yalichukua miaka kumi hadi ishirini. Sasa ulinganishe na yale ya Kongo.

Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji wa Kilwa, ulioko Katanga kando ya Ziwa Mweru, na jeshi la Kongo lilipokwenda kuukomboa liliwaua watu zaidi ya 70. Kilomita kama 50 kutoka hapo palikuwa na mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, mali ya Anvil Mining, kampuni ya Australia na Kanada. Askari walisafirishwa kwa ndege iliyokodiwa na kampuni hiyo, na magari yake yalitumika katika operesheni. Kampuni ilisema vyombo hivyo vilichukuliwa na mamlaka kwa amri na haikuwa na namna ya kukataa. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia huru wafanyakazi watatu wa kampuni waliokuwa wameshtakiwa pamoja na askari. Familia zikavuka bahari hadi Quebec, Kanada. Mwaka 2011 jaji wa kwanza akakubali kuwasikiliza. Januari 2012 mahakama ya rufaa ikasema shauri halina uhusiano wa kutosha na Quebec. Na mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kuligusa. Hatimaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba serikali ya Kongo iwalipe waathirika dola milioni 2.5, na katika uamuzi huo haikuacha kuitaja kampuni kwa kuwapa askari usafiri na msaada. Lakini anayeamriwa kulipa ni serikali tena, kama ilivyokuwa kwa Ituri.

Kuna pia kisa cha Mongbwalu, hukohuko Ituri. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2005 jinsi AngloGold Ashanti, iliyokuwa ikitafuta dhahabu katika mji uliotawaliwa na wanamgambo wa FNI, ilivyoshirikiana nao. Kampuni ilikiri kwamba wafanyakazi wake waliwapa wanamgambo hao dola 8,000 mwezi Januari mwaka huo, ikasema walilazimishwa, na ikaeleza kusikitishwa kwake. Kwa kampuni ya ukubwa huo dola 8,000 si chochote. Kwa kikundi kinachonunua risasi katika mji mdogo ni fedha nyingi, na ndiyo sababu swali la kiasi gani kimelipwa lina uzito mdogo kuliko swali la nani kalipwa.

Ukitaka mahali pa kuelekeza nguvu zako ukihitimu, nakuelekeza kwenye pengo hili: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huhukumu watu binafsi tu, kampuni haiwezi kusimama kizimbani mwake. Itifaki ya Malabo, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2014, ingeipa mahakama ya Afrika mamlaka ya kushtaki kampuni, na imeutaja unyonyaji haramu wa maliasili kuwa kosa la jinai. Inahitaji nchi 15 kuiridhia, na haijaanza kutumika. Itifaki hiyo ina dosari, hasa kinga inayowapa marais walio madarakani, na wanasheria wana haki ya kuipigia kelele. Lakini kifungu chake cha kampuni ni zao la Afrika, na hakuna mahakama ya jinai ya kimataifa iliyo na kifungu kama hicho. Serikali ya Kenya iulizwe inakichukuliaje.

Salaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nilizaliwa Uvira na sasa naishi Minneapolis. Binti yangu amekataa kununua simu mpya kwa sababu ya Kongo. Namuunga mkono, lakini shemeji yangu aliyeko Kivu anasema tukisusia tutawaua kwa njaa. Nani yuko sahihi? — Mama wa Uvira

Aleikum salaam, mama. Binti yako mpongeze, na shemeji yako msikilize, kwa kuwa anasema jambo lililokwisha kutokea.

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni zilizo katika masoko yake ya hisa zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani; watu wa Kivu waliiita sheria ya Obama. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji mdogo katika majimbo ya mashariki, hadi Machi 2011. Wanunuzi wengi wa ng'ambo waliona wepesi wa kuondoka kuliko kuchunguza. Machimbo yakanyamaza, mama mwenye kuuza unga na sabuni kandokando ya machimbo akakosa mteja, watoto wakatolewa shule kwa kukosa karo, na vikundi vya silaha vikahamia kwenye dhahabu, ambayo mtu huweza kuivusha mpakani mfukoni mwake. Kampuni iliyoondoka iliweza kuandika kwamba haina damu mikononi, na mchimbaji hakuulizwa kitu.

Kwa sababu hiyo mimi natofautisha kususia na kudai. Kanuni Elekezi zenyewe zinasema kampuni itumie kwanza ushawishi wake kubadilisha hali, na inapolazimika kuondoka ipime madhara ya kuondoka kwake. Kinachofaa kudaiwa ni kwamba inunue kwenye machimbo yasiyo na bunduki na kulipa bei halali, na itaje hadharani ni machimbo gani. Wapo wachimbaji wa namna hiyo Kongo, na hao ndio wanaoumia kampuni inapokimbia jimbo zima. Pale ambapo mwenye bunduki ndiye mwenye kupanga bei, kodi na njia, kama Rubaya ya leo, hakuna ununuzi safi, na kuondoka ni wajibu. Binti yako akiendelea na simu yake ya zamani hatamdhuru mtu, na akiandika barua kwa mbunge wake atafanya zaidi, kwa sababu kampuni husika zinasimamiwa na sheria za nchi anayoishi.

Ndugu mhariri, mimi ni wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Mizigo ya transit kutoka bara inapita mikononi mwangu, mingine ni madini. Mimi si kampuni kubwa. Haya yote yananihusu? — Wakala, Kurasini

Yanakuhusu, ndugu yangu, japo mzigo wako wa wajibu si sawa na wa mwenye kiwanda. Nchi za Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana Lusaka mwaka 2010 kwamba bati, tantali, tungsteni na dhahabu zisafiri na cheti cha kanda. Kiombe cheti hicho kabla ya kufungua faili, linganisha namba za lebo na zile za orodha ya mizigo, na uzito wa cheti na uzito wa mizani. Mteja akibadilisha jina la kampuni mzigo ukiwa njiani, au akitaka ulipwe na kampuni ya tatu iliyoko Dubai au Hong Kong usiyoijua, muulize kwa maandishi na usiendelee mpaka ujibiwe kwa maandishi. Pitia pia orodha za vikwazo za Umoja wa Mataifa, Ulaya na Marekani, ambazo ni bure mtandaoni. Kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Entebbe, African Gold Refinery, kiliingia katika orodha ya Marekani Machi 2022, na kile cha Kigali, Gasabo, kikaingia katika ya Ulaya Machi 2025. Benki yako inazisoma orodha hizo hata kama wewe huzisomi, na itakufungia akaunti bila kukutumia salamu.

Ukiwa na shaka iliyo nzito, nchi yetu haina ofisi ya malalamiko ya OECD, lakini malalamiko hupokelewa katika nchi ambako kampuni inayonunua ina makao yake, na mashirika ya haki za binadamu yanaweza kuyapeleka kwa niaba yako bila kukutaja. Tunza nakala za hati ya shehena, picha za lebo zikionyesha namba, na tarehe ya kila simu uliyopigiwa, na uzitunze nje ya ofisi.